Dada wa steshenari Kariakoo, asante sana

Jamani naomba nimshukuru yule dada wa steshenari mtaa wa Kongo, jina sikuuliza ila ukisoma hapa utajijua tu. Nilienda kuulizia bei ya laminesheni, nina picha za kutumia na watoto wetu wa tiba ya muziki, wengi wana usonji (autism) na ukiwaonyesha kwa picha kinachofuata, yaani salamu, ngoma, kayamba, kupumzika, kwaheri, wanatulia kuliko ukiwaambia kwa mdomo tu.

Akapiga hesabu, akaniangalia, akasema mama hela yote hiyo ya nini, chukua maboksi haya ya rimu, bandika picha, zungushia selotepu pana mbele na nyuma, hata mate hayapenyi (na mate yapo asee). Halafu akaanza kuniondolea yale maua maua ya pembeni ya picha, eti picha moja kitu kimoja, la sivyo mtoto ataangalia maua aache ngoma. Kweli kabisa, na yeye wala sio mtaalamu!

Vibanio vya nguo navyo ni wazo lake, unafunga kamba ukutani unabana picha kwa mpangilio, wimbo ukiisha mtoto anachomoa mwenyewe anatupia kwenye ndoo, hapo ndo wanapopenda balaa. Kuna mmoja haongei, sasa hivi anachomoa ya ngoma anakuletea mkononi, ujue anataka ngoma na hataki mjadala.

Maboksi ukakataa hela dadangu. Nakuja kuchukua mengine, safari hii hata ya soda utapokea.