Mpangaji, panda matatu kwanza ndio ulipe dipoziti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wanaotafuta nyumba hapa Mombasa, maana kila mwisho wa mwezi naona mikokoteni imebeba magodoro na majiko ya gesi inahamisha watu huku na kule, na najua wengi wao watahama tena kabla mwaka kuisha. Mie mwenyewe nilihama mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Nafanya kazi dukani Mwembe Tayari, mjini kisiwani. Nilikuwa nakaa Majengo, chumba elfu nane, kazini naenda kwa miguu, halafu landlodi akasema kuanzia mwezi ujao ni elfu kumi. Nikaona hapana. Nikapata chumba Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni, 4,500, ajenti akaniambia "mjini ni hapo tu, ukivuka umefika", na kweli ukisimama kule ufuoni unaziona kreni za bandari ng'ambo kama utazigusa. Nikalipa dipoziti siku hiyo hiyo. Ilikuwa Jumapili mchana, barabara nyeupe.

Jumatatu ndio nikajua. Matatu hadi Likoni ni 40, feri kwa mtu wa miguu ni bure na hilo twashukuru, lakini saa kumi na mbili asubuhi watu wamejaa bega kwa bega, geti likifunguliwa wote wanateremka mbio, mama ana mtoto mgongoni, mwingine ana beseni la samaki, kijana anasukuma baiskeli, na wewe umekumbatia mkoba kifuani unaangalia tu usikanyagwe. Mara nyingine feri inajaa ukiwa umebakisha hatua kumi. Ukishavuka unapanda ule mlima hadi stejini, matatu nyingine 40. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja na robo naingia kazini saa mbili kasorobo, na maji yenyewe ya kuvuka hayafiki hata kilomita moja!

Mtongwe wana kivuko chao, lakini tangu ajali ya tarehe 29 Aprili 1994 iliyoua watu zaidi ya 270 kivuko kile hakijakaa sawa, na wazee wa pale ukiwauliza habari zake hunyamaza kwanza ndio wakujibu. Barabara ya Dongo Kundu nayo ni nzuri kwa mwenye gari anayeelekea Miritini, sio kwa mie ninayekwenda Mwembe Tayari.

Sasa hesabu. Nauli 160 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 4,160. Ongeza kodi 4,500 ni 8,660. Yaani kile chumba cha bei rahisi kilinigharimu zaidi ya kile cha Majengo kabla hakijapandishwa, na bado sijahesabu boda za siku za mvua wala usingizi.

Sasa niko Mishomoroni, upande wa Kisauni ambako hakuna feri, chumba 5,500, matatu ni moja tu, asubuhi 50 na jioni 70. Kwa mwezi nauli 3,120, jumla 8,620. Angalieni hapo, kodi imezidi ya Mtongwe kwa elfu moja nzima lakini mwisho wa mwezi zinapishana shilingi 40, na mie naamka saa kumi na mbili nimeshiba usingizi.

Lakini hata huku si kila nyumba. Mie nakaa karibu na pale matatu zinapoanzia kupakia, kwa hivyo nakaa kiti. Rafiki yangu alipanga mbele zaidi, karibu na Kongowea, akidhani kwa vile ni karibu na mjini ndio nafuu, kumbe kila asubuhi matatu zinampita zimejaa, makanga anampungia mkono tu, na akipata ni ya kusimama huku ameinama shingo hadi daraja la Nyali, na darajani pale kuna jamu. Kilomita zake ni chache kuliko zangu lakini mie natangulia kufika. Jioni pia uliza wenyeji kama matatu za huko hukatiza safari, maana kuna zile za kukushusha njiani ati zinageuza, usiku, na nauli umeshalipa. Na anayetaka Changamwe au Mikindani aangalie jamu ya malori ya bandari kwanza.

Kwa hivyo ndugu zangu, msiende kuona nyumba Jumapili. Nenda Jumatatu alfajiri, simama kwenye steji ya pale kama unakwenda kazini, panda, angalia saa, halafu jioni rudi na njia hiyo hiyo ukiwa umechoka. Hiyo ni nauli ya siku moja tu. Muulize muuza mahamri wa pale stejini, yeye ndiye anayejua matatu ya mwisho ni saa ngapi na mvua ikinyesha nauli inapanda hadi wapi, kuliko ajenti.

Na ajenti nao nawaomba, mnapobandika matangazo yenu kwenye nguzo za stima, andikeni steji gani na mtu atapanda magari mangapi hadi Posta mjini, msiandike "karibu na mjini".

Mpangaji,
Mishomoroni, Mombasa