Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wangu, mama zetu wa Bondeni hapa Nakuru, na nyinyi mliohamia Free Area na Kaptembwo lakini bado mko na sisi, salamu sana. Hesabu atasoma treza kwa hivyo pesa sitazigusa sana. Viti na tenti za kukodisha zimefanya kazi vizuri, tenti moja iliraruka ikashonwa, hayo yameisha. Mimi nataka niongee juu ya matibabu kwa sababu ndio yametukula mwaka karibu wote.

Mnakumbuka vile mambo yalienda. Sheria mpya ya bima ya afya ilitiwa sahihi Oktoba 2023, halafu Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema haifuati katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikaacha iendelee kwanza, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya zamani ya serikali, ikaenda, na SHA, ile mpya, ikaingia. Sasa hapo katikati watu wetu wengi walikaa tu wakingoja korti, na mimi naona kungoja huko ndio kulituumiza. Mtu alikuwa amezoea kulipa mia tano zake za NHIF kila mwezi, akaacha, baadaye ma-CHP, wale wahudumu wa afya wa mtaani, wakapita nyumba kwa nyumba na zile tableti zao wakamsajili, akaona ujumbe umeingia kwa simu, akajua kazi imeisha. Haijaisha! Mwaka mzima nimekuwa nikiimba wimbo huo mmoja mpaka wengine wenu mkaanza kuniita Bwana SHA, na nitauimba tena leo: ukisajiliwa bado hujalipiwa.

Ukishasajiliwa tu bila kulipa kitu, unatibiwa bure kwa zahanati na kituo cha afya, ile ya kuingia uone daktari upewe dawa urudi nyumbani, hiyo inalipwa na serikali kutoka kwa mfuko wa afya ya msingi. Ni haki yenu, itumieni, ingawa kuna siku utaambiwa dawa ya presha imeisha nenda kemisi, na hapo mimi sina la kuwaambia. Lakini ukilazwa, ama upasuliwe, ama uanze mambo ya dayalisisi, ile ya kusafishwa damu kwa mashini, huo ni mfuko mwingine, na huo unafunguka kama umelipa ya mwaka mzima. Hapo ndio kuna pesa ya maana. Kitanda PGH, hospitali yetu kuu ya Nakuru, kwa vile ni level 5, SHA inalipa 3,920 kwa siku, dayalisisi ni 10,650 kila ukikaa kwa mashini, na kansa mwaka 2025 ilikuwa mpaka 550,000 kwa familia kwa mwaka, 400,000 kwa mfuko wa bima na 150,000 kwa ule wa magonjwa sugu. Nani kati yetu anaweza kutoa hizo kwa mfuko wa koti?

Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Ukiangalia, hiyo ni afadhali kuliko mia tano ya zamani, na simlaumu mtu kwa hilo. Shida ni kwamba sisi ambao hatuna payslip tunaambiwa tulipe miezi 12 mara moja, 3,600 kwenda juu. Mzee wa Inua Jamii, zile pesa za serikali za wazee, anapata 2,000 kwa mwezi, na hizo zenyewe wakati mwingine zinakuja zimechelewa, sasa unamwambia atoe karibu za miezi miwili asile? Anayeuza sukuma hapa sokoni anahesabu pesa kwa siku, mwaka hajawahi kuuona. Kuna ile Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo, na wengine wenu mmeiingia, lakini wengi mliniambia wazi deni hamtaki na ninawaelewa.

Ndio maana kamati ilianzisha kile kikapu. Kila mwanachama shilingi 70 kwa wiki, yaani 10 kwa siku, ukizidisha na wiki 52 unapata 3,640, ya mwaka imetoka na 40 imebaki. Chama kinatangulia kulipa, mwanachama anajaza polepole. Tumelipia tisa hivyo na wote wako sawa kwa sistimu, ila wawili wamechelewa kurudisha na wanajijua.

Sasa yale maswali ya SHA ya kupima uwezo, ya kujua sisi tusio na payslip kila mtu alipe ngapi. Wanauliza paa ni ya nini, sakafu, choo, maji unatoa wapi, unapikia nini, stima iko. Mzee wetu mmoja anakaa Kiamunyi kwa nyumba ya kijana wake, chini ni tiles, choo ni cha ndani, na yeye mfukoni hana hata ya boda. Kompyuta iliona tiles. Akaletewa hesabu zaidi ya mara mbili ya ile ya chini, na ukifikiri kijana ana kazi si amweke mzee kwa kadi yake, hapana, kadi inabeba bibi ama bwana na watoto, mzazi ni nyumba yake mwenyewe. Hii kitu imeshangaza watoto wenu wengi walio kwa mshahara, wanakatwa 2.75 kwa mia na bado baba hayuko ndani. Kamati imeomba apimwe upya, bado tunangoja jibu. Mkiulizwa hayo maswali jibuni ukweli, lakini elezeni pia nyumba ni ya nani.

Agosti mama yetu mmoja, yule wa mahamri, jina silisemi, alishikwa na presha usiku akakimbizwa hospitali ambayo pia nitaiacha hivyo. Alikuwa amelipiwa kwa kikapu chetu. Walimpa huduma ya kwanza, na lazima wampe, Katiba kifungu cha 43 kinasema mgonjwa wa dharura hanyimwi matibabu. Ilipofika kulazwa, wakamwambia aweke kidole kwa mashini. Gumba ikakataa, wakajaribu cha shahada ikakataa, wakampangusa na spiriti, wakaenda mkono wa kushoto, mashini inalia tu. Mikono imekanda unga na kusugua sufuria miaka yote hiyo, mistari ya kidole itatoka wapi? Wakasema basi tutumie namba ya siri itumwe kwa simu, namba ikaenda kwa laini ya mjukuu ambaye yuko Mombasa na simu amezima amelala. Deski ikasema deposit ama mngoje hapo kwa benchi. Bintiye akanipigia saa nane usiku, na mpaka asubuhi mjukuu alipowasha simu ndio mama akapata kitanda. Saa hii yuko sawa, yuko hapa mbele anacheka.

Kwa hivyo laini iliyo kwa SHA iwe ya simu inayolala kwa nyumba yako. Wengi mlisajiliwa na simu za wajukuu kwa saiba. Katibu anajua kuangalia kwa *147#, leo baada ya mkutano atakaa pale kwa meza ya nyuma, mje na kitambulisho.

Nimeulizwa pia na wale wenye watoto Marekani, ati huko mzee anatibiwa bure. Si hivyo kabisa. Kuna Medicare ya miaka 65 kwenda juu na Medicaid ya wenye kipato kidogo, zote za mwaka 1965, na Medicare yenyewe ina kulipa, ile sehemu ya madaktari mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa wengi. Na mzazi aliyeenda na green card hawezi kununua Medicare mpaka akae miaka mitano mfululizo. Kama mtoto anawaita muende, kwanza mumuulize matibabu atalipa nani.

Mwaka 2025 serikali ilisema italipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Tumepeleka majina ya wajane na wale hawawezi hata 70 ya wiki kwa ma-CHP na kwa chifu. Mimi nasema tusilale tukingojea orodha hiyo, tuendelee kuwalipia, na jina likitoka pesa zake zinahamia kwa mwingine.

Kura leo ni mbili. Kwanza, faida ya tenti yote iende kwa kikapu mwaka ujao, na najua kuna wanaotaka tununue viti vipya. Pili, mwanachama akilipiwa asiporudisha miezi mitatu, jina lisomwe kwa kikao cha kamati na sio kwa mkutano mkubwa. Makaratasi ya kura yako kwa katibu, na wale hamjamaliza sabini za Novemba tafadhali muone treza kabla ya chai.