Kwa vijana wa viazi, Isyonje

Wanangu,

Nimesikia mmeungana watu watano, mnakusanya viazi mashambani na kupakia lori moja. Hongereni. Lakini nikasikia na hili: "Sisi tumekubaliana kwa mdomo tu, hatuna mkataba." Hapo ndipo nikatafuta kalamu.

Mkataba mnao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya 1872, haidai karatasi kwa kila jambo (ardhi ni habari nyingine, hiyo huandikwa). Inauliza: mmekubaliana kwa hiari? Mmefikisha miaka 18, na akili ni timamu? Kila upande unatoa chake? Na jambo lenyewe ni halali? Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa mfano, imekatazwa. Msiende nayo kwa hakimu kifua mbele.

Karatasi kazi yake inakuja siku mwenzako anapokana.

Mimi niliwahi kumkopesha mnunuzi gunia 60. Tukapeana mikono pale pale kwenye turubai, basi. Kila msimu, "Mzee, nivumilie." Nikavumilia, maana tunasali kanisa moja. Nilipofika kwa wakili nikiwa na majina ya mashahidi watatu, hakuyatazama. Aliuliza ilikuwa lini. Miaka saba! Sheria ya Ukomo ya 1971 inatoa miaka sita kudai deni la mkataba. Akaniambia jambo lililoniuma kuliko deni: kama ndani ya miaka ile sita yule bwana angeandika mstari mmoja wa kukiri deni na kutia sahihi, hesabu ingeanza upya siku hiyo. Mstari mmoja! Ningeuomba kwa upole tu, wala tusingegombana. Bado tunasalimiana kila Jumapili.

Sasa ninyi. Mnafanya biashara pamoja na kugawana faida, basi sheria inawaita wabia, hata kama hamjasajili chochote. Mmoja akikopa dizeli kwa ajili ya lori lenu, mwenye dizeli anaweza kumfuata yeyote kati yenu, kwa deni zima. Na msidhani kusajili jina la biashara BRELA, ile ofisi ya usajili wa biashara, kunawakinga. Jina ni jina tu. Anayetenganisha deni la biashara na ng'ombe wa nyumbani ni kampuni, nayo ina gharama na mahesabu yake kila mwaka.

Jumamosi nitakuwa Uyole. Njooni na kaunta buku ya mauzo. Na yule mdogo wenu wa miaka 17 aje pia, tuone jina lake tuliweke wapi.

Mzee wenu