Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: arki za vyakula na vinywaji ziainishwe kwa kiini chake, si kwa jina lililo kwenye ankara

Ndugu Kamishna,

Sisi ni mawakala wa forodha pamoja na wakemia wa viwanda vya soda, biskuti na maziwa. Tunakuandikia kuhusu mzigo usiojaza hata kona ya kontena lakini unaoweza kusimamisha kiwanda kizima: madumu ya arki za ladha, yaani viini vilivyokolea vya kutia harufu na ladha. Tunaomba mwongozo mmoja wa maandishi, wa wazi kwa kila mtu, unaoeleza arki inaingia fungu gani la ushuru (yaani namba gani ya HS, mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa) na inapimwaje. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, tangu Julai 2022, una viwango vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Dumu likivutwa kutoka fungu moja kwenda jingine, hesabu yote ya bei ya bidhaa inavunjika.

Tazama vanila peke yake. Maganda makavu mazima ni 0905.10, yakisagwa ni 0905.20. Oleoresini, yaani dondoo zito la harufu lililokamuliwa kwenye maganda hayo, ni 1302.19. Vanilini safi ya kemikali ni 2912.41, na ndugu yake ethili vanilini ni 2912.42. Sukari iliyotiwa vanila inabaki kwenye sukari, 17.01 au 17.02. Changanya vanilini na ethili vanilini, au yeyusha vanilini katika propilini glaikoli (kimiminika cha kuyeyushia) iwe tayari kwa kiwanda cha biskuti, unafika 3302.10, fungu la michanganyiko ya viini vya harufu. Shira ya sukari yenye ladha ya vanila ni 2106.90, fungu la matayarisho mengine ya chakula. Vyote hivi vinaweza kuletwa na ankara iliyoandikwa neno moja tu, "vanilla".

Karafuu ya Pemba nayo ni hivyo hivyo. Karafuu na makonyo yake viko 09.07, mafuta yaliyokenekwa kutoka humo yako 3301.29, yujenoli iliyotengwa kwenye mafuta hayo iko 2909.50. Mafuta yakiunganishwa na viini vingine kuwa arki ya kiwandani, ni 3302.10. Kwa hiyo jambo hili haliwahusu waagizaji peke yao, linawahusu pia wanaouza nje.

Fungu 33.02 lina mlinzi wake, Tanbihi ya 2 ya Sura ya 33. Inasema viini vya harufu vinavyohesabika humo ni vitatu tu: vitu vya fungu 33.01, viini vilivyotengwa kutoka vitu hivyo, na viini vya harufu vilivyotengenezwa kikemia. Dondoo la vanila la 13.02, yaani ile oleoresini, halimo. Basi dondoo hilo likichanganywa na maji na sukari bila kiini kingine cha harufu, haliwi 33.02 kwa sababu tu linanukia vizuri. Hapa waagizaji ndio hukosea zaidi, na tunalikiri hilo kwa niaba ya wenzetu.

Kosa la upande wa ukaguzi ni lingine: kupima kwa uzito. Arki ya unga ya chungwa iliyokaushwa kwa kunyunyizwa ndani ya hewa moto huwa na mafuta ya chungwa kama sehemu moja kwa nne za maltodekstrini au gundi ya Kiarabu. Mkaguzi anaona asilimia 80 ni wanga, anaandika 2106.90. Lakini wanga huo ni kibebeo, kazi yake ni kushika mafuta yasiruke. Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanaruhusu waziwazi vibebeo kama dekstrosi na wanga ndani ya 33.02, ilimradi viini vya harufu ndivyo msingi wa mchanganyiko. Na hakuna haja ya kukimbilia Kanuni ya 3(b) ya ufasiri kutafuta "sifa kuu" wakati maneno ya fungu na tanbihi, yaani Kanuni ya 1, yamekwisha kujibu.

Kipimo chepesi ambacho tungependa kukiona kwenye mwongozo ni kiasi cha matumizi. Arki halisi hutumika kwa gramu moja hivi kwa lita ya kinywaji, mara nyingi pungufu. Kitu kinachotiwa sehemu moja kwa maji sehemu tano ni shira, mahali pake ni 2106.90. Kipimo hiki hakimalizi kesi, ila kinamwonyesha ofisa wapi pa kutilia shaka kabla ya kutuma sampuli maabara.

Emalsheni za vinywaji, yaani mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, zinahitaji jicho la pili. Iliyo na mafuta ya chungwa ndani ya gundi ni arki, 3302.10. Iliyo na mafuta ya kula tu, ya kuipa juisi ukungu, haina kiini cha harufu, ni 2106.90. Kwa macho ni maziwamaziwa zote mbili, na pengine zimetoka kwa muuzaji mmoja katika madumu yanayofanana. Viungo vya krispu, yaani chumvi, unga wa kitunguu, pilipili na monosodiamu glutameti, ni 2103.90 hata kama kiwanda kinaviita "flavour".

Ugomvi mkubwa uko kwenye konsentreti za soda, yaani matayarisho yaliyokolea ya kutengenezea soda. Fungu 33.02 linapokea pia matayarisho ya kutengenezea vinywaji yenye juisi, rangi, asidi na vitamu, mradi yabaki na tabia ya viini vya harufu. Eswatini husafirisha konsentreti hizo kwa wingi chini ya 3302.10. Zikifika kwa mnunuzi zikahamishiwa 2106.90, cheti cha asili kinapingana na kadhia (tamko la mzigo forodhani), na nafuu ya ushuru wa kikanda inaweza kupotea ingawa bidhaa ni ile ile. Bila mwongozo, kila kituo kitakuwa na jibu lake.

Pombe isiwatishe maofisa. Arki nyingi huyeyushwa kwa ethanoli, wakati mwingine zaidi ya nusu ya ujazo. Maneno ya 33.02 yenyewe yanataja miyeyusho ya pombe. Haiwi kinywaji cha 22.08 kwa sababu hakuna anayeweza kuinywa kama ilivyo. Kinachotakiwa ni kutaja kiwango cha pombe kwa ujazo kwenye hati, na kwa mzigo wa baharini kuiandika UN 1197, namba ya kimataifa ya mzigo hatari, pale inapoweza kushika moto.

Chupa ndogo ya mililita 30 ya kupikia keki nyumbani ndiyo inayohitaji uamuzi wako binafsi. Fungu 33.02 linazungumzia malighafi za viwanda. Wengine wanashika maneno hayo na kuipeleka 2106.90, wengine wanasema "ya aina inayotumika" huangalia aina ya bidhaa, si ukubwa wa chupa. Sisi tunaona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Amua upande wowote, lakini uandike.

Sasa hati na sampuli. Wauzaji hawatoi fomula, na karatasi ya usalama haitoshi kwa sababu hutaja vilivyo hatari tu. Mwongozo ukubali tamko la mtengenezaji lenye makundi na viwango: viini vya harufu asilimia ngapi hadi ngapi, kibebeo gani, asidi, rangi, vitamu, pombe, na kiasi cha matumizi. Fomula kamili, ikilazimika, iende moja kwa moja maabara yako kwa siri. Sampuli ya mililita 50 hadi 100 ichukuliwe kivulini, kwenye chupa ya kioo iliyojazwa mpaka shingoni. Limonini, kiini kikuu cha mafuta ya chungwa, hula plastiki ya polistirini, na hewa ikibaki juu huanza kuioksidisha. Kromatografia ya gesi, kipimo cha kutenganisha viini vya mchanganyiko, itasoma kilichofika maabara, si kilichokuwa kwenye dumu.

Kifungu cha 248A cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 kinampa mtu haki ya kuomba uamuzi wa mapema wa uainishaji. Tunaomba maamuzi hayo yachapishwe, siri za biashara zikiondolewa. Mzigo unaosubiri maabara uachiliwe kwa dhamana. Na barua ya kubadilisha fungu itaje tanbihi iliyotumika, maana mwenye mzigo ana siku 30 tu za kuomba mapitio chini ya kifungu cha 229 na siku 45 za kwenda baraza la rufaa chini ya 230. Hawezi kupinga sababu asiyoijua.

Toleo jipya la mfumo wa HS linaanza 1 Januari 2028. Tungependa mwongozo utoke kabla ya hapo, na tuko tayari kuleta sampuli za mafungu yote tuliyoyataja kwa ajili ya mafunzo ya maofisa wako.

Wako katika kazi,
Mawakala wa forodha na wakemia wa viwanda vya vyakula na vinywaji