Amplifaya ya vipande viwili si lazima kwa sebule zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaodunduliza fedha wanunue redio nzuri ya nyumbani, na wenye maduka wanaowauzia hapa Mwanza.

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu mjini. Alikuwa na laki nane za jasho lake, za kubeba mizigo Mwaloni Kirumba. Muuzaji hakumuuliza chumba chake kina ukubwa gani wala ana spika za aina gani. Alimwambia amplifaya ya pamoja, yenye kila kitu ndani ya sanduku moja, ni ya wanaoanza, anayejua muziki hununua priampu (sanduku la kuchagua muziki na kupandisha au kushusha sauti) peke yake na pawa (sanduku la kuipa sauti nguvu ya kusukuma spika) peke yake. Nilimshika mkono tukatoka. Maneno hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, nikayaamini.

Nilinunua vyote viwili, vya mtumba. Siku ya kwanza nilipoviwasha, kabla sijaweka santuri, spika zilianza kuvuma mvumo mzito usiokoma, kama friji kuukuu iliyo chumba cha pili. Nikipunguza sauti hadi mwisho, mvumo uko palepale. Miezi ilipita ndipo nikaelewa: kila sanduku lilikuwa na ethi yake (waya wa usalama unaokwenda ardhini), moja limechomekwa ukutani na jingine kwenye ekstensheni, na waya wa sauti ulioyaunganisha ukawa umefunga mzunguko kati ya ethi hizo mbili, umeme kidogo ukapita humo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na ndio niliokuwa nausikia. Fundi mmoja akanishauri nikate waya wa ethi. Mvumo ungeisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa lile sanduku la chuma, atakayekwenda kuwasha muziki ndiye atakayepigwa, na nyumbani kwangu kuna wajukuu. Nilikataa, na ninawasihi wasomaji nao wakatae. Nilichomeka vyote kwenye ekstensheni moja na kuweka waya mfupi wa sauti. Mvumo ukapungua, haukuisha.

Kwenye amplifaya ya pamoja, umeme unaingia kwa waya mmoja, na kutoka priampu hadi pawa ni sentimita chache ndani ya sanduku hilohilo.

Halafu wati. Sebule yangu Bugarika ni futi 12 kwa 14. Spika ya desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inatoa sauti hiyo kwa wati 1 tu, ukiipima ukiwa mita 1. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, basi. Kutoka wati 50 kwenda 100 ni hatua ileile ya kutoka 1 kwenda 2. Amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978 ilikuwa ya pamoja, wati 20 kila upande, na wapenzi wa muziki wanaitafuta hadi leo. Nyuma yake kuna vichuma vidogo vinavyounganisha priampu na pawa, ukivichomoa unaweza kuongeza pawa nyingine siku utakayoihitaji. Mwenye ukumbi, au mwenye spika ngumu kusukuma za omu 4, zinazovuta umeme mwingi kwenye amplifaya, huyo ana sababu ya kununua vipande viwili.

Kwenu wenye maduka: andikeni wati za kweli. Inakuwaje amplifaya ibandikwe wati 3,000 mbele, na nyuma pameandikwa inatumia wati 60 za umeme? Na mruhusuni mteja asikilize zote mbili kwa spika zilezile kabla hajafungua pochi.

Mpwa wangu alipata ya pamoja kwa laki tatu na nusu, nyingine akaziweka kwenye spika. Jumapili tulimfungia kwake Igoma. Kabla hajaweka wimbo nilimwambia afungue sauti hadi nusu, nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Kimya. Nilichosikia ni jirani akitwanga.

Mwalimu mstaafu,
Bugarika, Mwanza.