Sumukuvu huanzia shambani, si Namanga

Mhariri,

Kila malori ya mahindi yanapokwama Namanga, mpakani na Kenya, lawama huwaangukia Wakenya. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa sharti la cheti kinachothibitisha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi Watanzania tumo.

Chanzo ni hali ya hewa yetu. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, nao haueleweki. Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, ndiko Waingereza walikoshindwa na mradi wa karanga ulioanza 1947, mvua ikiwa moja ya sababu. Ukame na joto vikikuta mahindi yanajaza punje, kuvu ya udongoni huingia kwenye gunzi kabla hata ya kuvuna. Mkulima akianika chini, akapukuchua kwa kupiga fimbo punje zikapasuka, akayafungia kwenye gunia yakiwa bado mabichi, kuvu huendelea kuzaa. Sumu ikishaingia, kupika ugali hakuiondoi.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi hadi theluthi moja na vijiko vitatu vya chumvi kavu, atikise, asubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda bado si ruhusa ya kuhifadhi: aanike tena juani, juu ya turubai.

Wanunuzi nao wajirekebishe kwenye bambo, chuma cha kudunga gunia ili kutoa sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa, punje chache zaweza kuchafua gunia zima. Kudunga bambo magunia mawili ya nyuma ya lori hakusemi lolote kuhusu tani 30. Wadunge magunia mengi, wachanganye, wasage sampuli yote, ndipo wachukue kidogo cha kupima. Mzigo ukikataliwa Namanga, mwenye mali ameshalipa usafiri, na bei ya mahindi yaliyorudishwa nayo hushuka.

Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao kila msimu. Sehemu ya fedha hizo inunue maturubai, mashine za kupukuchua na vipima unyevu vya vijijini, kabla mahindi hayajafika soko la Kibaigwa.

Mdau wa nafaka,
Dodoma