Gari nimelipaki ili tulipe ada ya chuo, na sasa shemeji analiomba

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mfanyakazi wa ofisi moja iliyoko Posta, jijini Dar es Salaam, na ninaishi Kimara pamoja na mume wangu na watoto watatu. Mtoto wetu wa kwanza ameanza chuo, mkopo aliopangiwa haukufika hata nusu ya ada, na baada ya kupiga hesabu usiku kadhaa, mimi na baba yake tuliona kwamba kitu pekee tunachoweza kukiacha bila nyumba kuyumba ni gari, kwa kuwa lilikuwa likila takribani shilingi 300,000 za petroli kila mwezi, mbali na maegesho ya mjini. Nikarudi kwenye mwendokasi, na gari, Toyota IST tuliyoinunua kwa akiba ya miaka minne, nikaliegesha chini ya mwembe uani kwetu, nikikusudia likae miezi kumi.

Sikujua kwamba gari lililosimama nalo linahitaji kulelewa. Wiki ya tatu nilipozungusha ufunguo ulisikika mlio mdogo tu, tik-tik, kisha kimya. Fundi alipofungua boneti alikuta panya amejenga kiota cha majani makavu ya mwembe juu ya injini, na nyaya mbili zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Nililipa shilingi 85,000, fedha ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya chakula cha mwanangu chuoni. Fundi alinishauri nichomoe waya wa hasi wa betri, nisivute breki ya mkono, nilipandishe gari juu ya stendi ili matairi yasibonyee upande mmoja, na tanki niliache limejaa ili unyevu usijikusanye ndani. Jirani yetu, dereva wa miaka mingi, yeye anasisitiza nilitoe kila Jumamosi na kulizungusha mtaani, maana kuliwasha dakika tano likiwa limesimama hakuchaji betri.

Ushauri wa jirani ningeufuata kama si suala la bima. Bima yangu kubwa inaisha mwezi ujao, na kwa gari la thamani ya shilingi 12,000,000, asilimia 3.5 pamoja na VAT inafika shilingi 495,600. Bima ndogo, ile inayolipa madhara ya watu wengine tu, ni shilingi 118,000, lakini haitanilipa chochote gari likiibwa au likiungua uani. Nisipokata kabisa, gari haliruhusiwi kuingia barabarani hata kwa safari ya kwenda dukani. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari linapolala silipi. Bima ndiyo iliyobaki, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Zito zaidi ni la mdogo wa mume wangu, ambaye anataka nimpe gari alifanyie teksi ya mtandao na kutuletea hesabu kila wiki. “Shemeji, gari linaozea hapo na mimi nipo nipo tu,” aliniambia mbele ya mama mkwe, naye mama akaitikia kwa kichwa. Ni kijana mwema, na mume wangu alipolazwa ndiye aliyekesha naye hospitali, jambo ambalo sitalisahau. Hata hivyo, sheria humshika pia mwenye gari anayemruhusu mtu mwingine kuliendesha bila bima, na bima ya gari binafsi haihusu biashara ya kubeba abiria. Akigonga mtu, mzigo utaniangukia mimi, na ada tuliyokuwa tukiiokoa itakwenda na maji. Mume wangu amesema niamue mwenyewe kwa kuwa kadi ya gari ina jina langu.

Naomba unishauri, pamoja na wasomaji waliowahi kulipaki gari kwa muda mrefu: nikate bima ndogo ili niweze kulichezesha, au nichomoe betri, niliweke juu ya stendi na niache bima ipite hadi miezi kumi iishe? Na shemeji nimjibu vipi, kwa heshima anayostahili, bila mama kuona kwamba nimewanyima ndugu wa mume wangu? Mama atakuwa kwetu Jumapili ijayo, na najua swali hilo litaulizwa tena mezani.

Wako msomaji,
Kimara, Dar es Salaam